Uliza Habari za Usiku: Masomo ya Kupima Mikono ya Wakata Minofu na Wavuna Maua

Mkata minofu wa kiwanda cha sangara pale Mwanza akikuambia "mkono unaniuma", bado hajakwambia kitu. Mkono wa Kiswahili unaanzia begani, unaishia kuchani. Kiwiko kwa huyu ni pale mkono unapokunjika katikati, kwa yule ni pale pa kuvalia saa. Na mshipa ni kila kitu: mshipa wa damu, kano (kamba inayofunga msuli kwenye mfupa), neva (uzi unaopeleka hisia), hata msuli. Mhudumu akijaza fomu "maumivu ya kiwiko, mishipa", atakayeisoma wiki ijayo hatajua kama aliandikiwa habari za neva iliyobanwa kifundoni, pale pa kuvalia saa, au kano iliyochoka karibu na kisugudi, pale mkono unapokunjika katikati. Kwa hiyo sisi tunaopima mikono ya wafanyakazi tumezoea kuanza hivi: "Dada, usinitajie jina la mahali. Nionyeshe kwa kidole, zungusha pote panapokufa ganzi." Sekunde kumi hizo zinaokoa siku nzima ya upimaji.

Tunachokitafuta ni ugonjwa wa handaki la kifundo cha mkono, ule ambao hospitalini huitwa kapali taneli. Mahali penyewe ni padogo. Chini ya handaki kuna mifupa midogo ya kifundo, juu yake umetandazwa utando mgumu, na ndani mnapita kano 9 za kukunjia vidole pamoja na neva moja, neva ya kati. Kano zikivimba kwa kukamata na kukaza mchana kutwa, neva haina pa kukimbilia. Neva hiyo ndiyo inayoleta hisia za dole gumba, kidole cha shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete, upande ulioelekea dole gumba. Kidole cha mwisho si chake, ni cha neva ya alna inayopita nje ya handaki. Ngozi ya kiganja juu ya shina la dole gumba nayo huwa salama, kwa sababu tawi linaloihudumia huchepuka kabla ya handaki. Mtu asiyeishika ramani hii vizuri atapima mikono mia moja na asipate chochote cha kuaminika.

Sasa habari za usiku. Swali linalofanya kazi kuliko yote si "unaumwa mkono?" Mvuna maua wa Naivasha au wa Usa River aliyeshika mkasi wa kupogolea tangu alfajiri ataitikia, kwa kuwa mikono ya kazi inauma. Swali ni hili: "Kaka, katika wiki mbili zilizopita, kuna usiku uliamshwa na mkono wako?" Akikubali, nyamaza. Usimpe maneno. Ukimuuliza "huwa unaukung'uta?" atakubali kwa heshima tu. Muulize, "Ukiamka hivyo, unafanyaje?" halafu mwangalie mikono. Mwenye neva iliyobanwa mara nyingi hatajibu kwa mdomo kwanza; atauinua mkono na kuukung'uta kama mtu anayekung'uta maji au anayeshusha kipimajoto. Ishara hiyo isiyoombwa ina uzito mkubwa. Usiku unatesa kwa sababu mbili: tunalala kifundo kikiwa kimekunjwa, jambo linaloongeza shinikizo handakini, na mtu akilala, maji ya mwili yaliyokuwa yameshukia miguuni hurudi na kuenea hadi mikononi.

Wengi wanaoamka hivyo huwa wamekwisha kuogopa kiharusi. Ukimwambia mapema kwamba kupooza hakuji kwa mtindo wa ganzi ya vidole vitatu inayoisha ukikung'uta, atakueleza mengi zaidi.

Baada ya swali hilo tunatumia karatasi. Mfanyakazi anaweka viganja vyake juu ya karatasi, anachorewa umbo la mikono yake mwenyewe, kisha anapewa penseli. Ganzi na mchomo wa sindano huwekewa nukta, maumivu huwekewa mistari. Yeye ndiye anayechora, wala si mhudumu. Mhudumu akishika penseli, mkono wake unajua ramani ya kitabuni na utaifuata bila yeye kutaka. Andika "kulia" na "kushoto" mapema, maana karatasi ikigeuzwa juu ya meza pande hubadilishana na hakuna atakayegundua. Chora pia mgongo wa mkono, la sivyo mwenye ganzi ya mgongoni atalazimika kuijaza kiganjani. Nukta zikiangukia angalau viwili kati ya vidole vitatu vya kwanza na kuacha kiganja na mgongo wa mkono, picha hiyo ni ya kuaminika. Zikijaa kiganjani pia, bado inawezekana. Zikiwa kwenye kidole kimoja tu kati ya vitatu, kuna shaka. Zikiwa kwenye kidole cha mwisho peke yake, tafuta kwingine. Wapo wenye ugonjwa halisi watakaoweka nukta vidole vyote vitano, kwa sababu usingizini mtu hahesabu vidole. Waombe wachunguze usiku huo huo ni vidole vipi hasa, warudi kesho.

Kwa nini tusimpime kila mtu kwa vipimo vya mikono moja kwa moja? Hapa ndipo kampeni nyingi za upimaji zinapoharibika, na hesabu yake kila mhudumu anapaswa kuwa nayo kichwani. Chukua wafanyakazi 200, tuseme 10 kati yao wana ugonjwa. Chukua kipimo kinachokamata wagonjwa 7 kati ya 10, na kinachowapa wasio na ugonjwa jibu la uongo kwa 2 kati ya 10. Kipimo kitawakamata wagonjwa 7. Lakini kati ya wazima 190 kitawanyooshea kidole 38. Una watu 45 walioambiwa wana tatizo, na 38 hawana. Sasa chekecha kwanza kwa swali la usiku na mchoro, wabaki 20, na wale 10 wamo. Kipimo kile kile kitakupa 7 wa kweli na 2 wa uongo. Kipimo hakikubadilika, waliopimwa ndio waliobadilika. Na tazama pia wale wagonjwa 3 kipimo kilichowaacha: mwenye historia nzuri ya usiku hasafishwi na kipimo kilichotoka sawa.

Vipimo vyenyewe ni vya mkono mtupu. Kinachovivuruga ni haraka.

Cha Phalen, daktari wa Marekani, kinataka kifundo kikunjwe kwa sekunde 60. Mweke mtu visugudi juu ya meza, mikono ya mbele (kuanzia kisugudi hadi kifundo) isimame, viganja vianguke vyenyewe kwa uzito wake. Usivisukume. Mtindo unaoonekana kwenye mabango mengi, wa kugusanisha migongo ya viganja kifuani, unakunja pia kisugudi, na kisugudi kilichokunjwa sana huibana neva ya alna. Kidole cha mwisho kikianza kuwasha, mhudumu huandika "ndiyo" wakati jibu ni la neva nyingine. Tumia saa yenye mshale wa sekunde. Kila baada ya sekunde 15 uliza, "Sasa unasikia nini, kidole gani?" Maumivu ya kifundo tu si jibu. Jibu ni ganzi au mchomo katika vidole vya neva ya kati. Andika sekunde ilipoanza, kwa kuwa aliyeanza kwenye sekunde ya 10 na aliyeanza kwenye ya 55 hawako hali moja.

Cha Durkan, cha mwaka 1991, ni cha kubonyeza. Kiganja kiangalie juu, kifundo kinyooke, weka dole gumba zako mbili mbele kidogo ya mkunjo wa kifundo, kati ya vilima viwili vya nyama, bonyeza bila kulegeza kwa sekunde 30. Kosa la kawaida ni kubonyeza nyuma ya mkunjo, kwenye mkono wa mbele, ambako handaki halijaanza. Kipimo hiki kinawafaa wasioweza kukunja kifundo, kama waliowahi kuvunjika hapo.

Cha Tinel, Mfaransa aliyeandika habari za neva kujeruhiwa mwaka 1915, ni cha kugongagonga juu ya neva kwa ncha ya kidole. Tunakipa uzito mdogo. Wahudumu wawili hawagongi kwa nguvu sawa, na ukigonga kama unayepiga msumari, hata mzima ataruka. Kinachohesabiwa ni shoti inayokimbilia vidoleni.

Halafu nguvu na nyama. Mkono ulale mezani kiganja juu, mwambie anyanyue dole gumba kuelekea darini, nawe ulisukume chini kuelekea kiganjani. Linganisha mikono miwili. Kisha inama, utazame shina la dole gumba kwa ubavu, dirisha likiwa nyuma yake. Ukiangalia kutoka juu hutaona bonde. Kwa ubavu kilima kilichobonyea kinajionyesha. Aliyefika hapo hahitaji upimaji tena, anahitaji rufaa.

Kupima hisia ndiko kunakowachanganya zaidi wahudumu waliojifunza hospitalini, kwa sababu mikono ya hospitalini ni laini. Mkata minofu ana sugu. Ukimgusa kwa pamba kwenye ncha ya kidole cha shahada atasema hasikii, na utaandika neva imekufa. Dawa yake ni kumlinganisha na yeye mwenyewe. Gusa kidole cha shahada, gusa kidole cha mwisho cha mkono ule ule, mahali pasipo na sugu, macho yake yakiwa yamefumbwa. Kama vyote viwili ni butu sawasawa, lawama ni ya ngozi. Kama cha mwisho kinasikia na cha shahada hakisikii, neva ya kati ina neno la kusema. Kwa kipimo cha ncha mbili, nyoosha kibanio cha karatasi, pima kwa rula ncha ziwe milimita 6, gusa kwa wepesi kufuata urefu wa kidole. Changanya ncha moja na mbili bila mpangilio ili asibahatishe. Mtu mwenye neva nzima kwenye ncha ya kidole hutambua mbili katika umbali huo au mdogo zaidi.

Mkono wa barafu ni tatizo la peke yake. Mfanyakazi aliyetoka kwenye meza ya minofu ana vidole vya baridi, na baridi peke yake inatia ganzi. Asipimwe chochote kabla ya kupasha mikono kwa maji ya vuguvugu na kukaa dakika 15 hadi 20. Hili lina uzito zaidi anapopelekwa kwenye mashine ya kupima kasi ya umeme wa neva. Kila nyuzi moja ya joto inayopungua, kasi ya neva hushuka kwa takriban mita 2 kwa sekunde, kwa hiyo fundi wa mashine asipopasha ngozi ifike walau nyuzi 32, atatoa cheti cha ugonjwa kwa mtu mwenye baridi tu. Njia nzuri ni kulinganisha neva ya kati na ya alna katika mkono huo huo, kwa umbali ule ule. Baridi inazichelewesha zote mbili; handaki linachelewesha moja.

Na hata mashine ikifanya kazi vizuri, si hakimu. Utafiti wa kusini mwa Uswidi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta kwamba karibu mtu mmoja kati ya watano wasio na dalili yoyote alikuwa na neva ya kati iliyopungua kasi. Katika utafiti huo huo takriban 14% walisema wana ganzi au maumivu ya mkono, lakini waliothibitika kwa dalili na kwa mashine pamoja hawakufika 3%. Ndiyo sababu tunapinga waziwazi desturi ya kumpima neva mtu anayeomba kazi na kumnyima kazi kwa jibu la mashine. Mwenye neva ya polepole asiye na dalili anaweza kufanya kazi miaka asiugue. Anayenyimwa ajira hapo ananyimwa kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Kwa wanaopenda namba, Brent Graham wa Kanada alitoa mizani ya mambo sita mwaka 2006. Ganzi katika eneo la neva ya kati ina pointi 3.5, ganzi ya usiku 4, kunyauka au udhaifu wa shina la dole gumba 5, Phalen 5, kupoteza utambuzi wa ncha mbili 4.5, Tinel 4. Jumla ni 26. Akifika 12, uwezekano wa ugonjwa uko karibu 80%. Jumlisha mwenyewe uone: vidole sahihi, usiku na Phalen vinafika 12.5 bila mashine wala kibanio.

Magonjwa yanayofanana na huu yasikupite. Muulize miguu: ganzi iliyoanzia nyayoni ikapanda, ikaja mikononi baadaye, inanuka kisukari, pima sukari. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye isoniazidi aulizwe kama anapewa vitamini B6. Geuza shingo, ganzi inayochochewa na kugeuza au kuinua kichwa inatoka shingoni. Maumivu makali upande wa dole gumba yasiyo na ganzi ni ya kano. Mjamzito anaweza kupata ganzi hii hii, na mara nyingi huondoka baada ya kujifungua, hivyo anasaidiwa na banzi, kifaa cha kufungia kifundo kisikunjike, huku akisubiri. Tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu nayo huleta ganzi hii. Na katika nchi zetu usisahau ukoma. Angalia ngozi kama kuna baka lisilosikia, papasa neva ya alna nyuma ya kisugudi kama imenenepa. Tumewaona wahudumu wazuri wakilipita hili kwa kudhani ukoma ni habari ya zamani, na neva isiyotibiwa mapema hairudi.

Chumba cha kupimia kinaamua ukweli utakaousikia. Msimamizi wa zamu asiwepo, hata kama ndiye aliyeleta funguo. Anayelipwa kwa kipande anajua kwamba mkono mgonjwa ni mshahara pungufu, na ataficha. Kwa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inadai wafanyakazi wapimwe afya, na kwa hiyo wengi hufika wakidhani wewe umetumwa kuchuja wa kufukuzwa. Tunachokifanya ni kusema kabla ya swali la kwanza: uongozi utapata hesabu ya kila meza au kila banda la maua, hautapata majina. Kisha tunatimiza. Ikivuja mara moja, mwaka unaofuata mikono yote kiwandani itakuwa mizima kwenye fomu.

Wakati nao una maana. Mashamba ya waridi yana msimu wa kukimbizana kuanzia Januari hadi sikukuu ya Valentino. Ukipima katikati ya wiki hizo, utakuta kila mtu anaumwa. Ukipima mwezi wa mvua kubwa tu, utakosa walioumia. Sisi tunapendelea mara mbili kwa mwaka, kabla ya msimu na wiki mbili au tatu baada yake, tukitumia mchoro ule ule, ili mkono ulinganishwe na wenyewe. Anayeanza kazi achorwe pia. Mchoro wake wa mwanzo utamtetea siku atakapodai fidia. Shirika la Kazi Duniani liliuweka ugonjwa huu kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazini mwaka 2010, kwa kazi za kurudiarudia kwa nguvu, mtetemo, na kifundo kukaa vibaya, na madai yasiyo na kumbukumbu ni mepesi kukataliwa.

Aliyepatikana na dalili za vipindi, zisizo na udhaifu, anapewa banzi la usiku, kifundo kikiwa kimenyooka kabisa. Mabanzi mengi ya dukani yana chuma kilichopindwa kurudisha kiganja nyuma. Kinyooshe kwanza, maana kifundo kilichopinda nyuma kinabana handaki kama kilichopinda mbele. Avae usiku wote kwa wiki 6. Asivae kazini, kwa kuwa atapigana nalo na kutumia nguvu zaidi. Ikishindikana, kuna sindano ya steroidi, kisha upasuaji wa kukata ule utando. Mwenye ganzi isiyoondoka mchana wala usiku, mwenye dole gumba dhaifu au nyama iliyonyauka, asipewe wiki 6 za kusubiri. Apelekwe kwa daktari wa mifupa au wa upasuaji sasa.

Banzi bila kubadilisha kazi ni kupiga deki huku bomba linavuja. Kisu butu ndicho cha kwanza kukitazama: mkata minofu huongeza nguvu ya mkamato bila kujua, mara elfu kwa zamu. Nyumba ya kunolea iwe karibu na meza, na kubadilisha kisu kusihesabiwe kama kupoteza muda wa kipande. Mpini uliojaa mafuta ya samaki unateleza, na kinachoteleza kinakamatwa kwa nguvu zaidi. Glovu kubwa kuliko mkono vilevile. Kwenye maua, tazama springi ya mkasi: ikiwa ngumu mno, vidole vinafanya kazi ya kufunga, ikiwa imekufa, vinafanya na ya kufungua. Tazama pia kimo cha meza ya kupangia mashina; ikiwa juu sana, kifundo kinakunjwa siku nzima. Kupokezana kazi kunasaidia pale tu kazi ya pili inapoupumzisha mkono. Kumtoa mtu kwenye mkasi ukampeleka kung'oa miiba kwa mkono ule ule ni kubadilisha jina la kazi tu.

Daftari la mwisho tunalipanga kwa meza, siyo kwa alfabeti. Meza ya 4 ikiwa na watu 9 na wanne kati yao wanaamka usiku, wakati meza ya 5 yenye samaki wale wale haina hata mmoja, usianze kuwapima tena wale wanne. Nenda kwenye meza ya 4 asubuhi, simama saa nzima bila kuongea, ushike visu vyao kimoja kimoja.